Malori Yaliyouzwa Kisha Yakakodiwa: Kisa cha Mwanahisa Aliyeshtaki kwa Niaba ya Kampuni

Kisa hiki kinahusu kampuni binafsi iliyosajiliwa Kenya. Majina yameondolewa, aina ya biashara imebadilishwa kidogo, na kiasi cha fedha kimeachwa katika uwiano tu ili wahusika wasitambulike. Hatua za kisheria na mfuatano wake sikuzigusa, maana ndizo zinazofanya kisa hiki kistahili kusomwa.

Usuli

Kampuni ilikuwa ya kusafirisha mizigo, na wanahisa wake walikuwa watatu. Mkurugenzi mtendaji alishika asilimia 55 ya hisa. Mwanahisa wa pili, ambaye nitamwita mlalamishi, alikuwa na asilimia 30. Wa tatu alikuwa na asilimia 15, anaishi nje ya nchi, na kwa miaka mingi hakuhudhuria mkutano wowote. Bodi nayo ilikuwa ya watu watatu: mtendaji, shemeji yake na mlalamishi.

Uhusiano ulipoharibika, mkutano mkuu ulimwondoa mlalamishi kwenye bodi. Hilo lilimuuma sana, na barua zake zote za mwanzo zilianza na malalamiko hayo. Lakini sheria inawaruhusu wanahisa kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, na mwenye asilimia 55 anaweza kulipitisha azimio kama hilo peke yake. Ikawa mlalamishi analisukuma mbele lalamiko lake lililo dhaifu kuliko yote, na lile zito anaanza kuliona pembeni.

Lile zito lilijitokeza kwenye hesabu za mwaka. Malori karibu yote yalikuwa yametoweka kwenye orodha ya mali, na kwenye matumizi kulikuwa na kipengele kipya: kodi ya malori. Kampuni ilikuwa imeyauza magari yake, kisha ikaanza kuyakodi magari yaleyale kutoka kwa aliyeyanunua. Mlalamishi alilipia CR12 ya kampuni iliyonunua, ile hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa. Wenye hisa walikuwa wawili: mke wa mtendaji na shemeji.

Baadaye mthamini aliyeajiriwa na mlalamishi aliona kwamba bei ya mauzo haikufika nusu ya thamani ya soko. Kodi ya miezi 18 hivi ilitosha kulipa bei yote ya ununuzi. Kwa maneno mengine, mnunuzi aliyapata malori bure, tena kwa fedha za muuzaji.

Kesi ya kwanza

Wakili wa kwanza alifungua kesi Mahakama Kuu kwa jina la mlalamishi. Walioshtakiwa ni mtendaji, shemeji na kampuni iliyonunua. Kampuni yenyewe iliyoibiwa haikuwa upande wowote wa kesi. Maombi yalikuwa mengi: mauzo yatangazwe batili, mlalamishi arudishwe kwenye bodi, alipwe gawio la miaka mitatu, na apewe fidia sawa na asilimia 30 ya hasara. Mahakama ilitoa zuio la muda kwamba malori yasiuzwe wala kuwekwa rehani hadi kesi isikilizwe.

Wadaiwa walileta pingamizi la awali lenye hoja moja. Walisema kama kuna aliyedhulumiwa, ni kampuni. Malori hayakuwa ya mlalamishi, na hasara aliyoipata ni kivuli tu cha hasara ya kampuni.

Hoja hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1843, huko Uingereza, wanahisa wawili wa kampuni ya bustani na makazi mjini Manchester waliwashtaki wakurugenzi kwa kuiuzia kampuni ardhi yao wenyewe kwa faida kubwa. Jaji Wigram aliikataa kesi yao. Kesi hiyo, Foss v Harbottle, ndiyo chanzo cha kanuni kwamba kampuni ikikosewa, mwenye haki ya kushtaki ni kampuni. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliongeza, katika Prudential v Newman ya 1982, kwamba mwanahisa hawezi kudai kushuka kwa thamani ya hisa zake ikiwa kushuka huko kunatokana tu na hasara ya kampuni. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliithibitisha kanuni hiyo mwaka 2020, ingawa iliibana isiwaguse wadai wengine wasio wanahisa. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama za Kenya, lakini katika eneo hili yanasomwa na kufuatwa mara kwa mara.

Wakili wa mlalamishi alijibu kwa Ibara ya 159(2)(d) ya Katiba ya 2010, inayozitaka mahakama zitende haki bila kushikilia mno taratibu. Akaomba ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya kampuni itolewe palepale, kwa mdomo, wakati wa kujibu pingamizi.

Jaji alikataa. Ruhusa haikuwa imeombwa kwa maandishi, hapakuwa na hati ya kiapo ya kuiunga mkono, na hati ya madai ilidai fidia iingie mfukoni mwa mlalamishi, si kwenye akaunti ya kampuni. Kesi iliondolewa, na mlalamishi akaamriwa kulipa gharama.

Kuondolewa kwa kesi kuliondoa na zuio. Katika wiki zilizofuata, kabla kesi mpya haijafunguliwa, kampuni iliyonunua ilichukua mkopo benki na kuweka dhamana logbuku za malori manne kati ya kumi na moja. Benki haikujua lolote kuhusu mgogoro.

Kuanza upya

Wakili wa pili alianza kwa kuyatenga malalamiko mafungu mawili. Fungu la kampuni lilikuwa na mauzo ya malori, mkataba wa kuyakodi, ada za ushauri alizolipwa shemeji kila mwezi, na nyongeza ya mshahara wa mtendaji. Fungu la mlalamishi mwenyewe lilikuwa na kuondolewa kwenye bodi, gawio lisilotolewa na kunyimwa taarifa.

Fungu la pili lina njia yake. Kifungu cha 780 cha Sheria ya Makampuni ya 2015 kinampa mwanahisa haki ya kulalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayomdhulumu. Hapo mahakama inaweza kuamuru mengi, likiwemo kwamba hisa zake zinunuliwe kwa bei ya haki. Wakili angeweza kuishia hapo. Mawakili wengi huishia hapo. Isitoshe, mahakama inayosikiliza ombi la 780 inaweza yenyewe kuamuru kesi ifunguliwe kwa niaba ya kampuni, na kifungu cha 238 kinaitambua njia hiyo. Lakini kufuata njia hiyo kungekuwa na hatua mbili ndefu badala ya moja. Hoja iliyoamua hasa ni ya kihesabu: mlalamishi akinunuliwa leo, anauza asilimia 30 ya kampuni isiyo na malori. Mali ikirudi kwanza, bei ya hisa itajisemea.

Ndipo ikaamuliwa kufuata Sehemu ya sheria inayoanzia kifungu cha 238. Kesi ya aina hii inafunguliwa na mwanahisa, lakini haki inayodaiwa ni ya kampuni na nafuu inayoombwa ni ya kampuni. Inaruhusiwa tu pale chanzo chake ni uzembe, kukiuka wajibu au kuvunja uaminifu kulikofanywa na mkurugenzi, ingawa anayeshtakiwa anaweza kuwa mkurugenzi huyo, mtu mwingine, au wote pamoja. Ndiyo maana kampuni iliyonunua malori iliweza kuunganishwa ingawa haikuwa na wajibu wa mkurugenzi kwa yeyote. Na kwa kifungu cha 239, mwanahisa hawezi kuendelea na kesi bila ruhusa ya mahakama.

Neno la sheria ni "kuendelea". Kesi inafunguliwa kwanza, kisha ruhusa inaombwa ili isonge mbele. Tanzania imepanga vingine: kifungu cha 234 cha Sheria ya Makampuni ya 2002 kinataka ruhusa iombwe kabla ya kushtaki, na wakurugenzi wawe wameshapewa notisi ya kutosha. Kenya bado utawakuta mawakili wanaoleta ombi peke yake kabla ya hati ya madai, kwa mazoea ya zamani. Hapa vyote viwili viliwasilishwa siku moja, kampuni ikitajwa kama mdaiwa kwa jina tu ili hukumu iweze kuifunga na kuinufaisha.

Kabla ya hapo kulikuwa na kazi mbili, na kwa maoni yangu hizo ndizo zilizoibeba kesi.

Ya kwanza ilikuwa barua kwa bodi. Mlalamishi alikuwa ameshaandika barua nyingi, lakini hakuna hata moja iliyoiambia bodi: shtakini kwa niaba ya kampuni kwa sababu hizi, la sivyo nitakwenda mahakamani mwenyewe. Barua zake ziliomba gawio, maelezo, na mara moja radhi. Barua mpya ilikuwa ya kurasa mbili. Ilitaja mauzo, ikaambatanisha CR12, ikaeleza pengo la bei, na kuitaka bodi ndani ya siku 21 ipitishe azimio la kuufuta mkataba au kushtaki. Ilikuwa ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani, na kila mtu alilijua hilo. Lakini ngedere ilibidi apewe nafasi ya kujibu kwa maandishi.

Bodi ilijibu kwa kuitisha mkutano mkuu. Mkutano uliyaidhinisha mauzo kwa kura za asilimia 55 dhidi ya 30. Mwanahisa wa tatu hakuwepo.

Kazi ya pili ilikuwa kumtafuta huyo wa tatu. Hakutaka ugomvi na alichelewa kujibu. Hatimaye alikubali kuapa kiapo kifupi: kwamba hana maslahi kwa mnunuzi wala kwa mlalamishi, kwamba hakuwahi kuelezwa mnunuzi ni nani, na kwamba kwa maoni yake kampuni inapaswa kudai mali yake mradi yeye asitozwe gharama. Aya nne tu.

Ombi la ruhusa mahakamani

Ombi hupita chujio mbili. Kwanza mahakama hutazama karatasi za mwombaji peke yake. Kama hazionyeshi kesi ya kustahili ruhusa, jaji anapaswa kulitupa bila kuwasumbua wengine. Ombi hili lilivuka. Kisha jaji akatumia mamlaka ambayo mara nyingi husahauliwa: aliiagiza kampuni ilete ushahidi, hususan kumbukumbu za kikao cha bodi kilichoidhinisha mauzo. Mlalamishi asingeweza kuzipata mwenyewe, kwa kuwa mwanahisa wa kawaida hana haki ya kusoma kumbukumbu za bodi. Zilipoletwa zilionyesha kikao cha watu wawili, mtendaji na shemeji, bila sentensi hata moja ya kutangaza maslahi.

Katika usikilizaji wa pande zote, wadaiwa walikuja na hoja nne.

Walisema mauzo yameshaidhinishwa na wanahisa. Hii ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi, kwa sababu kifungu cha 241 hakimpi jaji hiari hapo: tendo likiwa limeidhinishwa na kampuni, ruhusa lazima ikataliwe.

Walisema pia mlalamishi hana nia njema, na wakaonyesha barua ya wakili wake wa kwanza iliyopendekeza anunuliwe hisa zake "na mambo yaishe". Wakaongeza kwamba ana njia nyingine, ile ya kifungu cha 780. Mwisho wakasema malori yalikuwa yamechoka na gharama za matengenezo zilikuwa zinaumiza, hivyo kuyauza kulikuwa uamuzi wa kibiashara ambao mahakama haina utaalamu wa kuukosoa.

Jaji alivyoamua, na kwa nini

Kuhusu kuidhinishwa, jaji aliangalia nani alipiga kura. Katika Cook v Deeks ya 1916, baraza la juu la rufaa lililoketi London liliamua shauri kutoka Kanada ambapo wakurugenzi watatu walijichukulia mkataba wa ujenzi wa reli uliopaswa kuwa wa kampuni yao, kisha wakatumia wingi wa hisa zao kupitisha azimio kwamba kampuni haina dai. Azimio hilo halikuwasaidia: aliyechukua mali ya kampuni hawezi kujizawadia kwa kura yake mwenyewe. Kura ya mtendaji ikiondolewa, kilichobaki ni asilimia 30 ya kupinga na asilimia 15 ya kiti kitupu. Hakuna uidhinishaji hapo.

Kuhusu nia, jaji aliisoma barua ya zamani na hakuipuuza. Alisema mlalamishi anataka pia kutoka na fedha zake, lakini mtu anaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Swali ni kama kesi yenyewe ni ya kuinufaisha kampuni. Hati mpya ya madai haikuomba hata shilingi moja iende kwa mlalamishi. Hilo lilitosha.

Kuhusu njia nyingine, alikubali kwamba sheria inamtaka azingatie kama mwanahisa angeweza kudai kwa haki yake mwenyewe. Kuna kesi ya Uingereza ya 2008, Franbar v Patel, ambapo ruhusa ilikataliwa kwa sehemu kwa sababu alichokitafuta mwanahisa kingepatikana kwa ombi la dhuluma. Hapa alitofautisha: kinachotafutwa ni malori na kodi, na vitu hivyo ni vya kampuni.

Hoja ya uamuzi wa kibiashara ilizama kwenye kumbukumbu za kikao. Jaji alirejelea uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016 ulioandikwa na Jaji Joel Ngugi, ambao uliorodhesha mambo ya kupimwa katika maombi haya, likiwemo kama maelezo ya mdai ni mahususi kiasi cha kutia shaka kwamba uamuzi wa bodi unastahili kinga ya maamuzi ya kibiashara. Kinga hiyo ni ya mkurugenzi asiye na maslahi. Wawili waliokaa kikao kile mmoja alikuwa mnunuzi na mwingine mume wa mnunuzi.

Kiapo cha mwanahisa wa tatu kilipewa aya nzima kwenye uamuzi. Kifungu cha 241 kinaitaka mahakama izingatie kwa namna ya pekee maoni ya wanahisa wasio na maslahi yoyote katika jambo lenyewe. Katika kampuni ya watu watatu, huyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesema.

Lakini mlalamishi hakupata kila kitu. Ada za ushauri za shemeji zilikataliwa: ripoti zilikuwepo, kazi ilionekana kufanyika, na mkurugenzi mwenye busara anayetafuta mafanikio ya kampuni asingetumia fedha za wakili kufuatilia kiasi kidogo chenye ushahidi mwembamba. Mshahara wa mtendaji nao ulikataliwa, na hapa jaji alikuwa mkali. Nyongeza ilipitishwa mlalamishi akiwa bado kwenye bodi, na jina lake lilikuwa miongoni mwa walioikubali.

Ruhusa ilitolewa kwa mauzo na kodi, kwa masharti. Ingedumu hadi pande zote zibadilishane nyaraka, kisha ombi lirudi mahakamani kutazamwa upya. Kampuni ingebeba gharama za kuridhisha za mlalamishi hadi hatua hiyo na si zaidi, kwa kufuata kanuni ya Wallersteiner v Moir ya 1975. Na kesi isingeweza kuondolewa wala kumalizwa kwa maelewano bila kibali cha mahakama.

Matokeo

Kesi haikufika hukumu. Baada ya nyaraka kubadilishana mikono, mtendaji alikubali masharti yaliyosajiliwa mahakamani: malori saba yasiyo na dhamana yarudi kwa kampuni, mkataba wa kukodi ufutwe, na sehemu ya kodi irejeshwe kwa awamu. Malori manne yaliyoko benki hayakurudi. Kwa hayo kampuni ilipewa ahadi ya kulipwa tofauti ya thamani, ambayo si sawa na kuwa na lori barabarani.

Mlalamishi binafsi hakupokea chochote. Ombi lake la kifungu cha 780 liliwasilishwa miezi michache baadaye.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia "ruhusa ya mahakama" hufikiria muhuri, kitu cha kupitia njiani kuelekea kesi yenyewe. Kisa hiki kinaonyesha kinyume. Kwenye kesi ya namna hii, pambano kubwa hufanyika kwenye ombi. Mtendaji alikubali kuzungumza baada ya kumbukumbu za kikao kuonekana, na zilionekana kwa sababu ya agizo lililotolewa katika hatua ya ruhusa. Ukifika hapo na kiapo cha kurasa tatu na hasira, umeshashindwa.

Hitilafu ya kesi ya kwanza kwa hiyo ilikuwa kubwa kuliko kukosa fomu. Kama ombi la maandishi lingekuwepo, bado lingekutana na hati ya madai iliyomtaka mtendaji amlipe mlalamishi asilimia 30. Dai hilo lilikiri lenyewe kwamba mdai anajitafutia. Ibara ya 159 haiwezi kutibu hilo, na nadhani imekuwa ikitwishwa mzigo usio wake katika mashauri ya kampuni. Sharti la ruhusa linawalinda wanahisa wengine na kampuni yenyewe dhidi ya kuburutwa mahakamani na mtu mmoja kwa gharama zao. Huo si utaratibu mtupu.

Gharama halisi ya kesi ya kwanza si ile iliyoandikwa kwenye amri. Ni malori manne. Benki iliyokopesha kwa nia njema, bila kujua, ina nafasi nzuri kuliko mnunuzi aliyekula njama, na zuio lililokufa pamoja na kesi mbovu ndilo lililoifungulia mlango. Wakili anayeomba zuio la haraka kwa mdai asiye na haki ya kushtaki anampa mteja wake ulinzi wenye tarehe ya kufa isiyojulikana. Ombi la ruhusa na ombi la zuio yangewasilishwa pamoja tangu mwanzo, hali ingekuwa nyingine.

Kutenga malalamiko kulisaidia zaidi ya ninavyoweza kueleza hapa. Kuliondoa harufu ya kisasi. Kulimlazimisha pia mlalamishi aone kwamba kuondolewa kwake kwenye bodi, jambo lililomkosesha usingizi, lilikuwa halina uzito wowote kwa swali ambalo jaji alipaswa kujibu. Ila kazi hiyo haikumalizwa. Mshahara wa mtendaji haukupaswa kuingizwa kabisa. Mwanahisa aliyeshiriki au kunufaika na tendo hana uso wa kulilalamikia kwa niaba ya kampuni. Mahakama ya Uingereza, katika Nurcombe v Nurcombe ya 1985, ilimkataza mwanahisa kuendelea na kesi kwa sababu faida ya tendo lilelile ilishahesabiwa katika mgao wake wa talaka. Kipengele cha mshahara hapa kiliwapa wadaiwa aya zao bora zaidi, na kingeweza kuchafua vipengele vizuri vilivyokuwa jirani yake. Kumbukumbu za miaka ya mlalamishi kwenye bodi zilipaswa kusomwa kabla ya hati kuandikwa.

Barua kwa bodi mara nyingi hudharauliwa pale bodi nzima inapokuwa ndiyo watuhumiwa. Sheria ya Kenya haiitaji kwa jina kama sharti, tofauti na ya Tanzania. Lakini jaji anapaswa kuangalia kama kampuni imeamua kutofuatilia dai, na hawezi kuliangalia hilo kama kampuni haikuulizwa. Barua hii ilifanya jambo la ziada ambalo sidhani lilipangwa: iliwafanya wadaiwa waharakishe kupiga kura wenyewe, mbele ya ajenda iliyoandikwa, na hivyo kumwekea jaji mezani picha kamili ya nani anaidhinisha nini.

Kuhusu mwanahisa wa tatu, ningependa kuonya kidogo. Kiapo chake kilifaa kwa sababu kilikuwa kifupi na hakikumpamba mlalamishi. Rasimu ya kwanza, niliyopata kuiona, ilikuwa na kurasa za sifa na historia ya urafiki. Ingepelekwa vile, wadaiwa wangesema huyu naye ana upande, na ushahidi pekee wa mwanahisa huru ungepotea.

Limebaki sharti la kutomaliza kesi bila kibali, ambalo siku ile lilionekana kama nyongeza ya kawaida mwishoni mwa amri. Wiki chache baada ya ruhusa, kabla nyaraka hazijabadilishwa, mtendaji alijitolea kununua hisa za mlalamishi kwa bei nzuri kuliko aliyoitaja wakili wake wa kwanza, mradi kesi iondolewe. Mlalamishi alishawishika, na sioni cha kumlaumu. Lakini wakili wake alilazimika kumweleza kwamba maelewano hayo yangepaswa kuelezwa kwa jaji, na jaji angeuliza kampuni inapata nini. Haikuwa inapata chochote. Malori yangebaki yalipo, na mwenye asilimia 15, aliyeapa kwa sharti kwamba asigharimike, angeachwa na hisa za kampuni inayokodi magari yake yenyewe. Mtendaji aliiondoa ofa hiyo, na iliyofuata ilielekezwa kwa kampuni.